Ukuta Mnene wa Tumbo la Panya: Tutenganishe Kosa la Jeni na Ukosefu wa Asidi

Kwa anayeanza kuchunguza tumbo la panya wa maabara wenye hitilafu katika jeni ya chaneli ya ioni (mlango mdogo kwenye utando wa seli unaopitisha chembe zenye chaji), ushauri ninaoutilia mkazo kuliko wote, baada ya kukaa muda mrefu mbele ya hadubini, ni kwamba asiihusishe jeni moja kwa moja na kila badiliko analoliona kwenye tishu.

Chukua mfano wa Kcnq1, jeni ya chaneli ya potasiamu iitwayo KCNQ1. Seli za parieto, ambazo ndizo zinazotoa asidi, zina pampu inayotoa ioni ya haidrojeni na kuingiza ioni ya potasiamu mahali pake. Potasiamu hiyo ni lazima irudi nje ya seli ili pampu iendelee kufanya kazi, na njia yake ya kurudi ni chaneli ya KCNQ1 ikishirikiana na protini saidizi ya KCNE2. Njia hiyo ikifungwa, pampu hukwama ingawa yenyewe ni nzima. Panya wa ukoo wa WTC-dfk, waliotokea Kyoto nchini Japani na ambao jeni yao ya Kcnq1 imepoteza kipande, ni viziwi, huzungukazunguka kwa kukosa mizani, na tumbo lao halitoi asidi.

Hapo ndipo uangalifu unapohitajika. Asidi inapokosekana, seli za G za tumbo humwaga homoni ya gastrini kwa wingi, nayo gastrini, pamoja na kuamsha utoaji wa asidi, huchochea utando wa tumbo kukua, kiasi kwamba tezi hurefuka na seli zinazotoa histamini, kemikali inayoamsha seli za parieto, huongezeka, huku bakteria ambao wangeuawa na asidi wakipata makao. Kwa hiyo unene unaouona unaweza kuwa umesababishwa na gastrini au uvimbe unaoletwa na bakteria, wala si chaneli yenyewe.

Jambo la pili ni ukataji wa tishu, na hapa nimeona kazi nzuri nyingi zikiharibika. Slaidi huletwa ikionyesha utando uliovimba ajabu, kumbe kisu kilipita mshazari. Ukiona tezi zimekatwa kama viduara badala ya kuonekana kwa urefu wake wote, kuanzia juu hadi kwenye kitako, usipime unene hapo. Lifungue tumbo kwa kufuata mpindo wake mkubwa, lisuuze kwa maji ya chumvi, libane likiwa bapa juu ya ubao laini wa koki, kisha ulitie katika formalini, dawa ya kuhifadhi tishu, bila kuchelewa, kwa sababu tishu hii huoza upesi. Kipande kivuke ule ukingo unaotenganisha tumbo la mbele, lisilo na tezi, na sehemu yenye tezi, ili usije ukalinganisha sehemu mbili zisizolingana.

Unapowanyima panya chakula kabla ya kupima asidi, waweke juu ya sakafu ya wavu, maana panya hula kinyesi chao na tumbo halitakuwa tupu.

Kwa ulinganisho, tumia ndugu wa mzao mmoja waliokulia kizimba kimoja, kwani vinginevyo tofauti ya bakteria itaonekana kama tofauti ya jeni. Chunguza pia panya wachanga, kabla gastrini haijafanya kazi yake kwa muda mrefu. Zaidi ya yote, ongeza kundi la panya wenye jeni nzima waliopewa omeprazoli, dawa inayozuia pampu ya asidi, hadi asidi ikapungua: badiliko linalojitokeza kwao pia lihesabiwe kuwa la ukosefu wa asidi, na lile linalobaki kwa wenye hitilafu pekee ndilo linalostahili kuchunguzwa kama athari ya chaneli.