Jibu: Je, askari hulipa fidia kutoka mfukoni mwake?

Ndugu, umeuliza kama askari polisi wa Marekani akishtakiwa kwa kumuumiza au kumuua raia, fidia anailipa yeye. Mara nyingi mno, hapana. Jina lake huandikwa kwenye kesi ya madai, lakini mlipaji ni jiji. Familia ya George Floyd, aliyeuawa na askari Derek Chauvin, ilikubaliana na jiji la Minneapolis ilipwe dola milioni 27 mwezi Machi 2021, kesi ya jinai ya Chauvin ikiwa ndiyo kwanza inaanza. Jiji la Louisville lilikubali kuilipa familia ya Breonna Taylor, aliyepigwa risasi na polisi nyumbani kwake, dola milioni 12 mwaka 2020. Hizo ni kodi za wananchi, majirani wa marehemu wakiwemo, na hilo linaniuma sana.

Tena makubaliano hayo kwa kawaida hayana kukiri kosa. Ndiyo maana nasema malalamiko rasmi dhidi ya askari usiyaache, hata kama hayaleti senti. Yanaingia kwenye kumbukumbu za askari, na jimbo la New York lilipofuta kifungu cha 50-a mwaka 2020, sheria iliyokuwa ikizificha kumbukumbu hizo, kumbukumbu za nidhamu zilifunguliwa kwa umma. Ila kama mlalamikaji mwenyewe ana mashtaka ya jinai, aonane na wakili kwanza kabla hajaandika maelezo yoyote.