Jibu: Habari za Murchison enzi za Amin, makala ni kesho jioni

Ssebo, umesema umetafuta maporomoko ya Murchison, Uganda, kwenye magazeti ya miaka ya 70 ukaambulia patupu, na mhariri anasubiri. Shida ni jina tu. Enzi za Amin yaliitwa Kabalega, na Ziwa Edward likawa Ziwa Idi Amin Dada. Tafuta kwa majina yote mawili, la kawaida na la enzi za Amin, kisha bana miaka iwe 1971 hadi 1979. Ukitafuta Tooro, ufalme wa magharibi mwa Uganda, jaribu na tahajia ya Toro.

Hukumu za mahakama utazipata bure ULII, tovuti ya sheria na hukumu za Uganda. Ila Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa pale Wandegeya, Kampala, usiiache ya mwisho: unasoma katalogi kwanza, ndipo uombe faili, na haraka yako hawaijui. Mimi huenda asubuhi, namba za faili mkononi.