Ukipewa maandamano ya nje uyatafsiri

Ninyi mlioingia dawati la kimataifa mwaka huu, kuna jambo nataka mlijue kabla hamjaachiwa zamu ya usiku. Maandamano yakizuka Khartoum, Tehran au Cairo, sisi huwa hatuna mwandishi kule. Tunachokuwa nacho ni nakala ya mashirika ya habari ya nje, Reuters, AFP au AP, kwa Kiingereza, picha walizozichagua wao, na dakika 40 kabla ya taarifa ya habari. Msikilizaji wa Kigoma au Malindi anasikia sauti yako na kuiamini. Hajui kwamba aliyeona ni mtu mwingine, na kwamba mtu huyo alikuwa anamwandikia msomaji wa London na New York.

Mimi somo hili nililipata kwa aibu, Desemba 2018. Tarehe 19 watu wa Atbara, kaskazini mwa Sudan, waliingia barabarani baada ya mkate kupanda kutoka pauni 1 hadi 3. Nakala niliyopewa ilitanguliza mkate, nami nikaandika "maandamano ya mkate". Tukaendelea nayo siku kadhaa. Ndipo akapiga simu mzee mmoja wa Zanzibar aliyesoma Khartoum ujanani. Hakugomba. Aliniuliza tu, "Mwanangu, hao watu umewasikiliza wanasema nini?" Nikamjibu kwa ukweli kwamba nimesoma, sijasikiliza.

Nilifungua video moja, nikavaa spika za masikioni. Walikuwa wakiimba maneno mawili, tena na tena: *tasqut bas*. Hata asiyejua Kiarabu, la pili analijua, maana ndilo *basi* letu. Ianguke, basi, yaani serikali. Mkate haukutajwa. Katika video ya pili walidai *hurriya, salaam wa adala*, yaani uhuru, amani na haki, na hapo tena nusu ya maneno tunayo nyumbani: salama, uadilifu. Wiki nzima nilikuwa nimetafsiri kutoka Kiingereza mambo ambayo sikio langu lingeweza kuyashika lenyewe.

Nikarudi kuangalia nilichokiruka. Atbara ni mji wa reli, wenye historia ndefu ya vyama vya wafanyakazi. Siku ile ya kwanza waandamanaji walichoma ofisi ya chama tawala. Wenye njaa tupu wangekimbilia kwenye duka la mikate. Wao waliiendea ofisi ya chama. Jumuiya ya Wanataaluma wa Sudan, yenye madaktari, walimu na wanahabari ndani yake, ilikuwa imepanga maandamano ya kudai mishahara. Tarehe 25 Desemba ikaelekea Ikulu ya Khartoum, sasa ikitaka Rais Omar al-Bashir aondoke, baada ya miaka 29 madarakani. Bei ya mkate ilikuwa cheche, ni kweli. Lakini tukisema "mkate" peke yake tunamwambia msikilizaji kwamba Mwafrika huinuka kwa ajili ya tumbo tu, hana hoja ya siasa. Mimi Mwafrika ndiye niliyeyasema hayo hewani, na hadi leo yananiuma.

Kwa hiyo ukipokea nakala, kabla ya kugusa kibodi tafuta wanachoimba na kilichoandikwa kwenye mabango. Dakika 5 zinatosha. Weka dai lao katika sentensi ya kwanza au ya pili, kwa maneno yao.

Angalia pia maneno yetu wenyewe. "Makabiliano yazuka, watu kadhaa wafariki." Sentensi hii mtaikuta kila mahali, na mtajikuta mnaiandika usingizini. Ichukueni muiweke juu ya alfajiri ya 3 Juni 2019, siku za mwisho za Ramadhani, pale watu walipokuwa wamepiga kambi mbele ya makao makuu ya jeshi mjini Khartoum. Askari wenye silaha waliwavamia. Walioshuhudia waliwataja wapiganaji wa RSF, kikosi cha wanamgambo wa Sudan. Makabiliano yanataka pande mbili zinazokabiliana. Wale walikuwa na mahema. Andika nani alifyatua risasi ikiwa inajulikana, na ikiwa haijulikani andika kwamba haijulikani, lakini usiifiche ndani ya "wafariki" kana kwamba ni maradhi.

Idadi nayo ina mwenyewe. Kwa siku ile Wizara ya Afya ya Sudan ilitaja watu 61 waliokufa, Kamati Kuu ya Madaktari ikataja zaidi ya 100. Siku 13 baadaye, huko Hong Kong, waandaaji walisema karibu watu milioni 2 waliandamana, polisi wakasema 338,000. Usichague moja na kuiacha bila jina la aliyehesabu. Mhariri akikwambia namba mbili zinachosha sikio, mbembeleze, mpe sababu, usikubali haraka.

Kiingereza kina maneno mawili, *government* na *regime*, ambayo sisi tumezoea kuyafanya "serikali" na "utawala". La pili lina harufu ya ubaya, na waandishi wa Magharibi hulitumia zaidi kwa wale ambao nchi zao hazielewani nao. Hosni Mubarak alitawala Misri karibu miaka 30, jeshi lake likipata takriban dola bilioni 1.3 za Marekani kwa mwaka. Tarehe 25 Januari 2011, maandamano yalipoanza, Hillary Clinton, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, alisema serikali ile ni imara. Siku 17 baadaye ilikuwa imeanguka. Mimi nimeamua kuandika "serikali" kwa wote, Tehran na London, na sijaona habari iliyoharibika kwa hilo.

Kuhusu picha nitawasimulia moja tu, kwa sababu ndiyo inayonitia hofu zaidi. Juni 2009 mwanamke kijana, Neda Agha-Soltan, alipigwa risasi akafa wakati wa maandamano mjini Tehran, na video yake ikazunguka dunia. Watu wakatafuta uso wake kwenye Facebook, wakachukua picha ya mwanamke mwingine, Neda Soltani, mhadhiri wa fasihi ya Kiingereza. Vyombo vikubwa vya Magharibi vikaitangaza. Mwenye picha alikuwa hai, akaeleza kwamba siye, na bado iliendelea kutumika. Maafisa wa Iran wakaanza kumwandama, akalazimika kukimbia nchi, akapata hifadhi Ujerumani. Hakuwa ameandamana. Kilichomtoa kwao ni haraka ya watu waliokaa kwenye dawati kama letu.

Sisemi muwadharau wenzetu wa Magharibi. Aprili 2025 BBC Africa Eye, kitengo cha uchunguzi cha BBC, ilichambua video za Nairobi za 25 Juni 2024, risasi kwa risasi, ikawatambua askari waliowaua waandamanaji nje ya Bunge. Kazi ile iliwapa familia za Kenya kitu cha kushika mkononi. Tofauti ni kwamba walichukua miezi, wakatumia picha zilizopigwa na vijana wenyewe waliokuwa pale.

Yule mzee wa Zanzibar bado anatupigia. Namba yake nimeibandika kwenye kompyuta ya pili kutoka mlangoni. Ukikwama na Kiarabu mpigie, umwamkie shikamoo kwanza, ila si wakati wa Magharibi, huwa yuko msikitini.