Mwaga ugoro huo, kisha geuza jani

Mwaga ugoro huo. Umeandika kwamba sukuma wiki yako imejaa vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani, kwamba konokono wanamaliza mchicha, kwamba ungependa kujua mimea ya kupanda pembeni ili kufukuza wadudu, na kwamba tayari umeloweka ugoro, yaani tumbaku ya kusaga, kwenye ndoo ili unyunyizie bustani nzima, nyanya zikiwemo, kwa kuwa ni "dawa ya asili". Nilipofika hapo nilishindwa kuyatafakari yaliyotangulia.

Dawa hiyohiyo niliipata kwenye video ya mtu aliyejiita mtaalamu wa kilimo hai, aliyesimama bustanini na shati jeupe lisilo na chembe ya udongo, jambo ambalo lingetosha kunishtua kama akili yangu ingekuwa kazini siku hiyo. Alisema kwamba tumbaku huua kila mdudu na haimdhuru binadamu kwa sababu ni mmea. Nikotini iliyomo kwenye tumbaku kweli ni sumu kali kwa wadudu, na ukweli huo ndio unaotupoteza. Haidhuru binadamu? Huo ni uongo mtupu, maana sumu hiyo hupenya ngozi, na anayeinyunyiza bila glavu anaweza kupata kichefuchefu, kizunguzungu na mapigo ya moyo ya kwenda mbio. Mimi kichefuchefu changu nilikisingizia maharage. Sukuma wiki, nayo, huchumwa kila baada ya siku chache na kupelekwa moja kwa moja jikoni.

Hasara kubwa zaidi ilikuwa kwenye nyanya. Tumbaku, nyanya, pilipili na biringanya ni mimea ya ukoo mmoja, na virusi vya batobato ya tumbaku huweza kubaki na uwezo wa kuambukiza hata baada ya majani kukaushwa na kusagwa. Kuyaloweka kwenye maji baridi hakuviangamizi. Majani ya nyanya zangu yalianza kuwa na mabaka, mahali yamepauka na mahali yamekolea kijani, kisha yakajikunja na mimea ikadumaa. Ugonjwa huo hauna dawa. Kibaya zaidi, huenezwa kwa mikono na vifaa, kwa hiyo kila nilipopita kupunguza matawi kwa bidii ya kupigiwa mfano, nilikuwa nikiupeleka kutoka mche hadi mche. Bwana shamba alipokuja hakuniambia mengi: niing'oe mistari yote ya nyanya, niiteketeze, ninawe mikono kwa sabuni na nisirudishie nyanya mahali hapo. Nilipomwandikia yule mtaalamu wa shati jeupe, alijibu kwamba pengine maji ya kwetu yana chumvi, kisha akanizuia nisiandike tena kwenye ukurasa wake. Natumaini shati lake bado ni jeupe.

Kinachoniudhi hadi leo ni kwamba hapakuwa na haja ya kunyunyiza chochote. Chini ya majani ya sukuma wiki, katikati ya vidukari, kulikuwa na vidudu virefu vyeusi vyenye alama za rangi ya machungwa, nami nikavihesabu kuwa maadui wapya. Kumbe ni watoto wa wale wadudu wa mviringo, wekundu wenye madoa meusi, na chakula chao ni vidukari. Ugoro uliwaua walaji, lakini vidukari vichache vilivyosalia vilijaza majani upya haraka, kwa kuwa jike la kidukari huzaa bila kupandwa, na watoto wake hutoka wakiwa hai.

Kwa hiyo shika hili moja, mleta mada: usinyunyize kitu chochote kabla ya kugeuza jani na kumjua aliye chini yake. Ukikuta vidukari peke yao, vipige kwa maji ya nguvu upande wa chini wa jani, urudie baada ya siku chache. Ukiona sisimizi wakipanda na kushuka kwenye shina, ujue wanafuata majimaji matamu ya vidukari na huwafukuza walaji, kwa hiyo wazuie kwanza. Vikizidi, tumia maji ya sabuni ya mche, kijiko cha chai cha sabuni iliyokwaruzwa kwa lita moja, jioni, yagusane na mdudu mwenyewe. Usitumie sabuni ya unga, kwani huunguza majani. Mwarobaini nao unafaa, ila hauui papo hapo: humfanya mdudu aache kula na ashindwe kujivua gamba, na jua huuharibu upesi, ndiyo maana anayeunyunyiza saa sita mchana huishia kuutukana bure.

Kesho asubuhi geuza majani matatu au manne, piga picha ya upande wa chini na uziweke hapa kabla hujatumia hata shilingi moja. Ndoo ya ugoro ioshwe vizuri, na isitumike tena kumwagilia nyanya.