Maswali na Majibu: Monita ya 8K, nichukue sasa au ningoje?

Nabuni kadi za harusi na mabango. Kuna mtu anakwenda Dubai, anaweza kuniletea monita ya 8K. Niwahi kabla bei haijapanda? – Mbunifu, Sinza

Bei za vioo hivi hazipandi, ndugu yangu, hushuka, na anayewahi ndiye anayelipia. Mwaka 2001 IBM walitoa monita ya inchi 22, T220, yenye pikseli, yaani nukta za picha, 3840 kwa 2400, nyingi hata kuliko 4K ya leo yenye 3840 kwa 2160. Iliuzwa maelfu ya dola, na picha yake ilijiandika upya mara 41 tu kwa sekunde. Leo 4K ni monita ya kawaida dukani. Dell nao walileta 8K ya inchi 32 mwaka 2017 kwa dola 4,999, na ili ifikie mara 60 kwa sekunde ilitaka waya mbili za DisplayPort, aina ya waya wa kuunganisha monita na kompyuta. Hiyo 8K ina pikseli milioni 33, mara nne ya 4K, na zote zinasukumwa na kadi yako ya grafiki, ile sehemu ya kompyuta inayochora picha. Umeshaiuliza kama inaweza?

Halafu kuna jicho. Ukikaa sentimita 60 kutoka kwenye kioo, jicho lenye afya huanza kushindwa kutenganisha nukta zikifika kama 145 kwa inchi. 4K ya inchi 27 ina 163. Nunua hiyo, yenye rangi za kuaminika, na chenji inayobaki tafuta kifaa cha kupimia rangi. Bibi harusi hatalalamikia pikseli; atalalamikia dhahabu iliyotoka kahawia.

Nimenunua 4K used Kariakoo. Mshale wa mausi unajikokota. Muuzaji anasema ndivyo zilivyo. – Kijana wa Tabata

Sivyo zilivyo. Fungua mipangilio ya skrini uone inaonyesha mara ngapi kwa sekunde. Ukikuta 30, kuna uwezekano mkubwa unapita kwenye HDMI 1.4, toleo la zamani la waya na tundu la kupeleka picha, ambayo kwa 4K mwisho wake ni hapo. HDMI 2.0, ya mwaka 2013, inafika 60, DisplayPort 1.2 pia. Kama tundu la laptop yenyewe ni la zamani, waya mpya haitasaidia. Shusha iwe 2560 kwa 1440, ukubali ukungu kidogo.

Jambo jingine: baadhi ya 4K za kwanza kabisa zilijitambulisha kwa kompyuta kama vioo viwili vilivyounganishwa. Ukiona nusu inazima peke yake, umeuziwa moja ya hizo. Irudishe mapema, kabla muuzaji hajakusahau sura. Na siku nyingine nenda na laptop yako, ichomekwe hapohapo kabla hujatoa hela.

Ofisini wameniwekea 4K, herufi zimekuwa kama sisimizi. – Mhasibu, Upanga

Pole, dada. Kwenye Windows ongeza ukubwa hadi asilimia 150. Programu ya zamani ya mahesabu huenda ikatoka na ukungu, maana haikuandikwa kwa vioo hivi. Kama hiyo ndiyo unayoshinda nayo kutwa, omba wakubadilishie inchi 27 ya 2560 kwa 1440. Si ushamba.

Na kwa kuangalia filamu tu? – Msomaji, Mbagala

Netflix kwa 4K inaweza kula GB 7 kwa saa. Kama unanunua bando, baki na 1080p, yaani HD ya kawaida.