Kufunga faili si kulitia kufuli

Wiki hii nimekagua kazi za vijana watatu wapya, na wote wamerudia kosa nililolifanya mimi nilipoanza. Jamani, someni kabla hamjaipandisha kazi kwenye seva.

1. Kufuli la faili, yaani alama ya kuzuia programu mbili zisiliandike faili moja kwa pamoja, katika Linux ni la makubaliano: mchakato (programu inayoendeshwa) usioliomba huandika utakavyo, wala kerneli, kiini cha mfumo, haiuzuii.

2. Msifungue faili kwa modi ya "w" (ya kuandika upya) ndipo muombe kufuli, kwa kuwa yaliyomo yamekwisha kufutwa zamu yenu haijafika.

3. Hili ndilo lililoniuma. Tulikuwa na faili lenye namba ya stakabadhi ya mwisho, likitumiwa na michakato ya madirisha mawili ya malipo. Programu yangu iliomba kufuli kwa fcntl, mwito wa mfumo wa kuomba kufuli, ikasoma namba, ikaongeza moja, ikaandika. Baadaye nikaongeza kifungu cha uhakiki ambacho, kufuli likiwa bado limeshikwa, kililifungua faili lile lile mara ya pili, kikasoma, kikalifunga. Kiswahili chetu kina neno moja, kufunga, kwa mambo mawili, kumaliza kutumia faili na kulitia kufuli, na hapo ndipo palipo mtego: kwa kanuni ya POSIX, viwango vya mifumo ya jamii ya Unix, mchakato ukilifunga faili (close) hata mara moja, makufuli yake yote ya fcntl juu ya faili hilo huachiliwa, hata yale yaliyoombwa kupitia namba nyingine ya faili, yaani namba ambayo mfumo huupa kila ufunguzi. Kufunga kwangu ndiko kulikofungua kufuli. Mwisho wa mwezi, foleni ikiwa imefika mlangoni, wateja wawili walipewa stakabadhi namba 4417, na mama mmoja akarudi na karatasi yake mkononi akiambiwa kwamba hajalipa. Nilimlaumu karani kabla sijausoma msimbo wangu mwenyewe. Siku ya tatu nilimwomba radhi mbele ya wenzake, naye akanijibu tu, "Yameisha, kaka," akaendelea kuhesabu fedha.

4. Tumieni flock, mwito mwingine wa kuomba kufuli, au F_OFD_SETLK, amri ya fcntl iliyoingia Linux 3.15 mwaka 2014, kwani kufuli la namna hizo hufuata ule ufunguzi wa faili, si mchakato. Ila faili likiwa kwenye NFS, yaani kwenye seva nyingine kupitia mtandao, jaribuni upya, maana huko Linux huigeuza flock kuwa kufuli la fcntl.

5. Mkiandika faili jipya na kuliweka mahali pa la zamani kwa rename (kubadili jina), wekeni kufuli kwenye faili la pembeni lisilofutwa kamwe. Kufuli hukaa kwenye inodi, rekodi ya faili lenyewe ndani ya mfumo, si kwenye jina, kwa hiyo mchakato wa kwanza utabaki umeshikilia faili lisilo na jina tena, huku wa pili ukiingia kwenye jipya bila kuzuiwa.