Unga wa virutubishi unazuia mimba?

SWALI: Shikamoo Bibi. Nimeolewa mwaka huu, naishi Kilosa, na tunatafuta mtoto. Mashine tunayosagia mahindi imefungwa kisanduku kinachodondosha poda kwenye unga. Mwenye mashine anasema ni virutubishi. Mama mkwe amenikataza, eti humo kuna dawa ya uzazi wa mpango, na kwamba dona peke yake inatosha. Nimsikilize?
Mama Mtarajiwa

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwa mengine msikilize, kwa hili hapana. Dawa ya uzazi wa mpango haimo. Kwenye unga wa mahindi hapa kwetu huwekwa madini chuma, zinki, vitamini B12 na foliki asidi. Wamarekani wanaweka foliki asidi kwenye unga wa ngano kwa lazima tangu 1998, na leba zao hazijafungwa kwa kukosa wazazi.

Tena wewe unayetafuta mtoto ndiye unayeihitaji hiyo foliki asidi kuliko wote. Mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba itunge. Siku hizo wewe bado unahesabu tarehe, hata hujajua. Utakapokwenda kliniki mimba ikiwa na miezi mitatu, vidonge vya FEFO, yaani chuma na foliki asidi, vitakusaidia damu, ila mrija utakuwa umeshafunga au umeshindwa. Ukishindwa kufunga upande wa chini, ndipo tunapata mtoto wa mgongo wazi, na mara nyingi kichwa nacho kinajaa maji.

Nimezalisha miaka mingi, nimewapokea. Mtoto kama huyo hulazwa kifudifudi, juu ya kidonda unaweka gozi iliyoloweshwa maji ya chumvi ya hospitali isikauke, huku unapiga simu kutafuta gari la rufaa. Mama yuko kitandani anauliza mbona hajapewa mwanawe. Mwaka 1991 watafiti wa Uingereza walitoa matokeo kwa wanawake waliokwisha kuzaa mtoto wa namna hiyo: waliomeza foliki asidi kabla ya mimba nyingine walipunguza hatari ya kurudiwa kwa karibu robo tatu.

Dona namsifu mama mkwe, ni bora kuliko sembe, maana kukoboa kunaondoa pumba na kiini, na virutubishi vingi viko huko. Lakini pumba hizo hizo hushikilia chuma na zinki tumboni, na foliki ya dona haikufikishi kiwango unachohitaji sasa. Saga dona yako kwenye mashine hiyo hiyo. Halafu usitegemee unga tu: nenda kituo cha afya uanze foliki asidi, mikrogramu 400 kila siku, kabla mimba haijatunga. Chai ya rangi isifuatane na ugali, inazuia chuma. Kamulia limau kwenye mchicha.

Mama mkwe mpeleke mashineni, mwombe mwenye mashine amwonyeshe mfuko wa virutubishi, ausome mwenyewe. Na wewe chungulia kisandukuni kama kina kitu. Kanuni za kuongeza virutubishi zipo tangu 2011, lakini ni rahisi kumbana mwenye kiwanda kikubwa kuliko mashine za vijijini, na wengi wetu tunasaga huko huko. Kisanduku kitupu ni pambo.

SWALI: Bibi, ugali ukichemka virutubishi si vinaungua?
Baba Wawili, Tanga

JIBU: Chuma na zinki ni madini, moto hauyaondoi. Foliki asidi hupungua kiasi, na wanaopanga viwango wameshalihesabu hilo. Kinachoharibu zaidi ni unga kukaa wazi juani na kwenye unyevu. Uweke kwenye ndoo yenye mfuniko, na usinunue wa miezi mingi.